Farasi wa Tango la Jirani

Mwezi wa saba, tarehe 8, siku ya Nyani

Leo nimeteuliwa. Yaani, karibu niteuliwe. Nimebakiza mtu mmoja tu wa kumshinda, na kwa bahati mbaya mtu huyo ni Udono Sakon.

Mambo yenyewe ni haya. Mlinzi wa Lango la Mizimu amestaafu. Mzee kasema amechoka kubishana na mizimu ya miavuli yenye jicho moja kila mvua ikinyesha, anataka kukaa kwake apande maua. Bwana wa ngome akauliza nani anaitaka kazi. Udono akajitokeza. Nami nikajitokeza, hasa kwa sababu Udono alijitokeza. Nilikuwa na hakika kwamba kura itapigwa, na mtunza sanduku la kura ni mimi. Kijiti changu cha kura nilishakipaka nta, kitambulike kwa kugusa.

Bwana akasema mwaka huu hakuna kura. Tarehe kumi na saba, siku moja baada ya kuwasindikiza wafu wetu wanaotutembelea kila mwaka, tutapigana mbele yake kwa panga za mti. Mshindi atalinda Lango. Atakayeshindwa atapelekwa kituo cha Hachibuse, mlimani, miaka saba. Kule theluji huanza mwezi wa tisa na haina haraka ya kuondoka. Tena nyumba yake ya hapa ngomeni itarudishwa, maana nyumba ni ya mtu aliye kazini hapa.

Nyumbani kwetu tupo wawili, mimi na mama. Mama ana miaka sitini na mitatu na magoti mabovu, na Hachibuse hawapokei wazazi. Nilipofika nikampa kwanza habari njema, kwamba nimekaribia kuteuliwa. Akauliza habari nyingine ni ipi. Nikamwambia. Akaendelea kumenya figili, kisha akauliza taratibu mimi nimewahi kumshinda nani. Nikamtajia binamu yangu. Akasema binamu siku ile alikuwa na homa.

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Tarehe 9, siku ya Jogoo

Udono ni jirani yetu. Kati ya bustani yake na yetu kuna ua wa mianzi, na juu ya ua huo kila asubuhi naona nywele zake. Zimefungwa vizuri, hakuna unywele uliotoka nje. Mtu gani anaamka hivyo? Leo kaniamkia, kanitakia heri katika pambano, kaniuliza magoti ya mama yanaendeleaje. Kimbelembele tu.

Lakini nimepata njia. Kila asubuhi Udono huosha farasi wake kando ya handaki la maji chini ya ukuta. Na ndani ya handaki yumo kappa, yule mwenye gamba mgongoni na kisahani cha maji utosini, ambaye kazi yake tangu enzi ni kuwavuta watu ndani. Nikaenda nikazungumza naye. Sikuomba Udono afe, mimi si mnyama. Niliomba avunjike kidogo. Mguu mmoja, na wala si lazima uwe wa kulia.

Kappa akasema anataka matango arobaini, kwanza. Nikamwambia tutaonana baada ya kazi. Akaanza kuzama. Nikarudi nyumbani mbio, nikavuna bustani nzima, nikapata thelathini na nane. Akayapokea kwa shingo upande.

Mama kaniuliza matango yamekwenda wapi. Nikasema fuko.

Tarehe 10, siku ya Mbwa

Alfajiri nilikuwa nyuma ya mti kando ya handaki. Udono akaja na farasi wake. Kappa akaibuka, mikono juu, meno nje. Kazi nzuri, nikasema moyoni.

Udono akamwinamia. Akainama hasa, mpaka kiunoni, akamtakia asubuhi njema. Huyu mtu huwainamia hata bata.

Sasa, kappa ana kasoro moja: ukimwinamia lazima naye akuinamie. Hawezi kujizuia, ndivyo walivyolelewa. Akainama, maji ya utosini yakamwagika yote, nguvu zikamwisha, akalala kwenye tope kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Mwingine angemalizia kwa upanga. Udono akachota maji kwa kata, akamjazia kisahani, akampa pole. Wakati naondoka kappa alikuwa anamsugua farasi mgongo, bure.

Yaani sikuondoka vizuri. Kappa alinyoosha kidole kuelekea kwenye mti wangu. Udono akaja, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema bata. Akanisaidia kumtafuta bata huyo mpaka jua likatoka. Mara mbili kaniletea bata wasio wangu.

Tarehe 12, siku ya Panya

Jana sikuandika. Nilijizoeza upanga uani. Nimeumia kidole gumba.

Leo, wakati mama anafagia mbele ya madhabahu ya wazee wetu, akili imenifunguka. Kesho wafu wanarudi nyumbani kwa siku nne. Na mimi ni mjukuu wa nani? Wa Kuramochi Dengoro! Aliyekata mapepo saba kwa pigo moja kwenye daraja la ngome hii. Hadithi yake kila mtu anaijua, hata Udono huisimulia vizuri kuliko mimi. Babu akija na kuingia mkononi mwangu, Udono atafanya nini?

Tatizo: wafu huondoka tarehe kumi na sita. Pambano ni tarehe kumi na saba.

Nimelitatua nikiwa bado nimesimama. Wafu huja kwa farasi wa tango lililochomekwa vijiti vya miguu, aende mbio wafike mapema. Hurudi kwa ng'ombe wa biringani, ajikokote wasituache upesi. Hivyo ndivyo kila nyumba inavyofanya, na hakuna anayekaa akafikiri. Basi nitamtengenezea babu farasi mkubwa. Ng'ombe nitamtengeneza pia, mama amwone, kisha nitamficha. Hakuna ng'ombe, hakuna safari. Babu atabaki mpaka nimalize shida zangu.

Sijui kwa nini mtu mwenye akili kama hizi amewekwa kutunza masanduku.

Tarehe 13, siku ya Ng'ombe

Tango! Nimekumbuka mchana. Hatuna hata moja. Yote yamo tumboni mwa kappa.

Nilizunguka kwa majirani. Kila mtu ameshachuma lake, na lililobaki limeliwa. Mzee mmoja kanipa tango la njano lenye umbo la ndoano. Farasi gani huyo? Babu yangu hawezi kupita mbele ya mapepo saba akiwa amepanda kitu cha namna hiyo.

Nikachungulia juu ya ua. Katikati ya bustani ya Udono lilikuwa linaning'inia tango moja refu, limenyooka, la kijani kibichi. Ni wazi kwamba alikuwa analingojea. Udono alikuwa amekwenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Ua ni mfupi. Lilikatika kirahisi sana, nusu kwa mkono wangu, nusu kwa hiari yake.

Nikalitia vijiti vinne, miguu imara, mkia wa nyuzi za hindi. Ng'ombe wa biringani nikamtengeneza mbele ya mama kwa unyenyekevu mkubwa. Mama akafurahi, akasema mwaka huu nimejitahidi. Alipokwenda kuchota maji nikamzamisha ng'ombe ndani ya mtungi wa achari, chini kabisa, katikati ya pumba na chumvi.

Jua lilipozama tukawasha moto wa vijiti vya katani mlangoni. Moshi ukapanda. Nikasikia kwato. Kweli kabisa, kwato, zinakuja mbio kwa njia ya makaburini, zikafika mbele ya nyumba ya Udono, zikasita, kisha zikakata kona kuja kwetu. Nikapiga magoti na kusema karibu Babu.

Sauti ikajibu kwamba yeye si babu ya mtu yeyote.

Kwenye kizingiti alikuwa amesimama kikongwe mfupi, mweupe kama mvuke wa wali, macho kama sindano. Akaitazama nyumba, akanitazama mimi. Akasema, "Hapa si kwangu. Na farasi huyu nalijua shamba lake. Wewe ni nani na umelipata wapi tango la mjukuu wangu?"

Tarehe 14, siku ya Chui Milia

Ni Bibi Masajo, bibi yake Udono. Alifariki miaka kumi na miwili iliyopita na hajapoa. Akiwa hai alifundisha upanga wa mpini mrefu, na inasemekana wanafunzi wake hata usingizini hulala wima.

Inaonekana farasi wa tango hubeba wafu wa bustani aliyoota. Hili mimi ningelijuaje? Na mfu hawezi kutoka katika nyumba aliyoshushwa mpaka apande ng'ombe wake, labda awe ndani ya mwili wa mtu wa nyumba hiyo. Tena humwona waliompokea tu. Kwa hiyo tunamwona mimi na mama. Udono, hatua kumi kutoka hapa, hamwoni wala hamsikii.

Mama alimwamkia vizuri, akampa pole ya safari, akamwekea chai. Wamekaa tangu asubuhi wanasema watu. Wanapatana kupita kiasi. Nilimuuliza Bibi kwa heshima habari za babu yangu shujaa, kama wanaonana huko. Akacheka mpaka mshumaa ukazimika. Akasema yale mapepo saba aliyakata yeye, Masajo, na wala si kwa pigo moja, kwa mapigo ishirini na tatu. Dengoro alikuwa ndani ya pipa la mchele. Alipotoka kila kitu kimekwisha, akaanza kusimulia, na kwa kuwa Bibi alikuwa na mtoto wa kunyonyesha hakuwa na muda wa kubishana naye.

Nikamtazama mama. Mama akasema yeye alilijua hilo siku ya harusi yake, maana pipa lenyewe bado tunalo, na upande wa ndani babu aliandika jina lake kwa msumari alipochoka kungoja.

Jioni nikasikia upande wa pili wa ua Udono anawasha moto upya. Mara ya tatu tangu jana. Baadaye akachungulia, nywele zimemlegea kidogo, akaniuliza kama mgeni wetu amefika salama. Nikasema amefika. Akasema ananipongeza. Yeye bado anangoja, huenda njia ni mbaya mwaka huu. Bibi yake ndiye aliyemlea, akasema, na hajawahi kukosa.

Nilijisikia vizuri sana. Adui yangu amevunjika moyo bila kappa. Halafu sikujisikia vizuri sana. Nimekula mochi mbili, vile vitonge vya wali uliopondwa, ili moyo utulie.

Mama kanipa siku moja. Kesho niende mwenyewe kwa Udono nikaungame, la sivyo ataenda yeye na magoti yake.

Tarehe 15, siku ya Sungura

Nimekwenda. Nimefika mpaka mlangoni kwake. Udono akafungua, macho mekundu. Nikamuuliza kama ana chumvi. Akanipa chumvi.

Nikarudi, nikamwambia mama kwamba nimeungama yote. Na Udono kasemaje? Hapo nilikuwa sijajiandaa. Nikasema Udono kasema hakuna neno, kaeni naye tu, kwani nyumbani kwake mwaka huu wana shughuli nyingi.

Mama akaniangalia mimi na mfuko wangu wa chumvi. Lakini Bibi Masajo alikuwa nyuma yake, na alisikia.

Aliketi kando ya dirisha akiutazama ua wa mianzi. Chai yake ikapoa, na chai ya wafu haipoi upesi. Mwishowe akauliza, "Alisema hivyo hivyo? Shughuli nyingi?" Nikasema hivyo hivyo, Bibi. Akasema alimfundisha kutembea yule, alimbeba mgongoni wakati wa surua kutoka hapa mpaka kwenye chemchemi za maji ya moto, siku mbili.

Kisha akasimama. "Haya. Tarehe kumi na saba nitaingia mkononi mwako. Nitamtia adabu mbele ya bwana wake. Inuka, tuone unavyosimama."

Nikasimama. Akauliza kama ninaumwa.

Tulijizoeza uani mpaka jioni. Akiingia mkononi ni baridi, kama kutumbukiza mkono kisimani. Lakini upanga unaruka wenyewe! Nimekata hewa katika sehemu ambazo sikujua hewa ipo. Kuna pigo lake moja, linaanzia chini kwenye goti, linazunguka kama mtu anayekung'uta shuka, linaishia shingoni. Amesema pigo hilo amewafundisha watu wawili tu duniani, na mmoja amekufa.

Nitashinda. Mama atabaki nyumbani kwake. Sasa hivi sioni kosa lolote nililofanya.

Tarehe 16, siku ya Joka

Siku ya kuwasindikiza. Bibi alikuwa ameshaniambia kwamba atakaa siku moja zaidi kwa ajili ya pambano kisha apande ng'ombe wake aondoke. Mama akaenda kumtafuta ng'ombe amweke tayari. Hayupo. Nami nikamtafuta, kwa bidii, hata chini ya mikeka. Nikalaumu panya.

Wakati wa chakula mama akafungua mtungi wa achari. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa figili, akatoa tangawizi, akatoa ng'ombe.

Alikuwa amechachuka kabisa. Amesinyaa, mgongo umebonyea, miguu imelegea. Nikaeleza kwamba nilimficha huko panya wasimle. Bibi Masajo akajaribu kumpanda. Ng'ombe akalala chini. Ng'ombe mwingine hatengenezwi wafu wakishashuka, kwa hiyo sasa hakuna usafiri mpaka warudi mwaka ujao.

Bibi akauma meno, akasema hayo tutayazungumza baada ya kesho. Mama alimkata ng'ombe vipande vyembamba, akanipangia kwenye kisahani, akaniwekea mbele yangu. Nikala. Hakuondoka mpaka nilipomaliza.

Tarehe 17, siku ya Nyoka

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado una baridi.

Uwanja ulijaa. Bwana wa ngome alikaa chini ya pazia, karani wake kando na vitabu vya sheria, mama mstari wa nyuma kwenye mkeka. Udono aliinama kwangu. Uso wake ulikuwa umekwisha. Siku nne hajalala, nikafurahi.

Ngoma ikapigwa. Bibi akaingia mkononi. Pigo la kwanza Udono alizuia kwa shida. La pili likamrudisha nyuma hatua tatu. Nilimwona bwana wetu ameacha kujipepea. Mimi, Kuramochi Denpachi! Nikasahau kuogopa, nikaanza kutabasamu, na hapo Bibi akaanza lile pigo lake kutoka kwenye goti.

Udono alilitazama linavyozunguka. Hakuzuia. Aliuangusha upanga wake mchangani, akasema polepole, kama mtoto, "Bibi? Nimekungoja siku nne."

Upanga ukasimama unywele mmoja kutoka shingoni mwake. Sikuusimamisha mimi. Nilivuta, nilisukuma, hausogei. Kisha ule ubaridi ukatoka mkononi, ukapanda begani, ukaingia kooni, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Kwa sauti ya kikongwe nikasema, "Kwani hukusema una shughuli nyingi?"

Udono akasema shughuli gani. Amewasha moto kila jioni, amepika wali wa maharage mekundu aupendao, umeharibika, akapika mwingine. Mdomo wangu ukafunguka tena. Nilijaribu kuuziba kwa mkono wa kushoto. Haikusaidia. Mbele ya ngome nzima, kwa kinywa changu mwenyewe, nikaeleza kila kitu. Tango. Ua. Ng'ombe katika achari. Chumvi. Nikaeleza hata pipa la mchele la babu, ambalo hakuna aliyeliuliza. Katikati ya maelezo nikamkaripia Udono kwa namna alivyofunga mkanda wake, nikamnyooshea ukosi kwa mkono wangu, nikamfuta machozi kwa mkono wa kimono yangu mpya. Yeye analia, mimi nabembeleza. Bwana wa ngome alikuwa amejificha nyuma ya upepeo wake, mabega yakimtikisika.

Bibi alipomaliza akatoka mwilini mwangu, akavutwa kurudi nyumbani kwetu. Nikaanguka, maana upanga bado nilikuwa nauvuta. Niliangukia kwenye ngoma. Ikapasuka, na mimi nikabaki ndani. Udono akaokota upanga wake, akanigusa nao utosini kwa upole, akaomba radhi. Pambano likaisha.

Karani alipekua vitabu kwa muda. Akasema wizi wa tango upo, wizi wa bibi haupo. Bwana akasema basi nihesabiwe tango tu, na kushindwa. Hachibuse, miaka saba.

Niligeuka kumtafuta mama. Alikuwa bado ameketi wima, mikono mapajani, kama kwamba amesubiri jambo hili tangu nizaliwe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ngoma. Nilitaka kumwambia kwamba yote nilifanya kwa ajili ya nyumba yake, lakini koo lilikuwa limenikauka kwa mazungumzo ya mtu mwingine.

Udono akapiga magoti. Akaomba nyumba ya Kuramochi isirudishwe, kwa kuwa bibi yake hawezi kutoka humo hadi mwaka ujao, na baada ya hapo mama wa jirani ni mama. Bwana akakubali. Ngome nzima ikapiga makofi. Hata kunusuru mama yangu lazima afanye yeye.

Tarehe 20, siku ya Nyani

Nimeondoka. Mama kanifungia vitonge vya wali vilivyozungushiwa mwani. Kaniambia nisijaribu kitu. Nikamwahidi. Alinishika uso kwa mikono miwili, mikono yake inanuka achari, na mimi mtu mzima wa miaka thelathini na moja nikalia barabarani mbele ya farasi wa mizigo.

Bibi Masajo alisimama kizingitini, mahali ambapo hawezi kupita. Akaniambia, "Wewe kijana, mkono wako si mbaya. Mbaya ni huku juu." Akajigonga kichwani.

Mwezi wa kumi, tarehe 5, siku ya Mbwa

Hachibuse. Theluji imefika dirishani. Tuko wanaume tisa na sufuria moja. Zamu ni ya kuutazama mlima, usije ukaondoka, nadhani. Juu yetu wanakaa tengu, wenye pua ndefu na mabawa, ambao hutudondoshea barua wakipita, na mara nyingine hudondosha vitu vingine.

Leo nimepata barua ya mama. Anasema hajambo. Magoti yana nafuu, kwani Bibi humkanda kwa ile mikono ya baridi. Udono huja kila asubuhi kabla ya zamu yake Langoni, anasalimia hewa iliyo upande wa kulia wa mama, naye humtafsiria. Ameziba paa. Amechimba mifereji. Wanakula pamoja, watatu, na kicheko ni kingi. Mwishoni kaandika kwamba jioni moja aliniita kula, kisha akakumbuka.

Nimeisoma mara sita. Nataka kwenda nyumbani. Sijawahi kutaka kitu namna hii, hata kumshinda Udono.

Basi nikamuuliza mkuu wa kituo, kwa njia ya mbali, ni kwa namna gani mtu huondoka hapa kabla ya miaka saba. Akasema namna ni moja: anayefia kituoni hubebwa juu ya sleji, gari la kuburutwa kwenye theluji, huvishwa kimono iliyofungwa upande wa kulia kama wafu wote, na hufikishwa mpaka mlangoni kwa mama yake. Ni sheria, na haijawahi kuvunjwa. Nikauliza nani humkagua. Akasema ni baridi sana, hakuna anayekagua.

Nimefikiri kila upande na sioni pa kukosea. Naweza kuzuia pumzi mpaka nihesabu hamsini. Theluji haifanyi mtu anuke. Tatizo pekee ni kwamba taarifa ya kifo hutangulia, huletwa nyumbani na tengu siku mbili kabla ya sleji, na mama ataisoma. Lakini siku mbili si nyingi, na fikiria furaha yake nikiamka.

Nimeshapanga kila kitu. Nitakufa kesho, baada ya uji.